Marubani wa Wanamaji Juu ya Ziwa Tanganyika: Mwongozo Kamili wa Kuandika Riwaya ya Kijeshi Ukiwa Kigoma

Kinachomkesha msomaji wa riwaya ya marubani na magaidi majini ni mafuta. Geji inashuka, nchi kavu iko mbali, mateka wako chini, na rubani ana dakika chache za kuamua kama ataendelea au atageuza. Risasi zinakuja baadaye, na mara nyingine haziji kabisa. Ukilishika hilo, umeshika nusu ya kazi.

Naandika haya kwa vijana wa Kigoma, Ujiji, Kasulu na Uvinza wanaotunga hadithi kwenye simu na kuzirusha sehemu baada ya sehemu kwenye makundi ya WhatsApp. Nazisoma, na vipaji ninaviona. Kinachoniuma ni kwamba wengi wanawapeleka mashujaa wao Miami na Ghuba ya Uajemi, mahali wasipopajua hata upepo unatoka wapi, huku mlangoni kwao kuna ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670, kina kinachofika mita 1,470, na nchi nne zilizolizunguka. Marubani wa kijeshi walishapigana hapa. Tutafika huko.

Hatua ya kwanza: chagua maji

Manowari ya kubebea ndege haiwezi kufika Kigoma. Zile za Marekani za daraja la Nimitz zina urefu wa karibu mita 333 na hubeba watu kama 5,000, na ziwa letu halina njia ya meli kutoka baharini. Hata meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ambayo leo tunaiita Liemba, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha hadi Dar es Salaam, ikaletwa kwa reli na kuungwa upya hapa Kigoma. Iliingia majini mwaka 1915. Ukiandika kwamba ndege za F/A-18 ziliruka kutoka manowari iliyotia nanga Kibirizi, msomaji wa Kigoma atafunga simu hapo hapo.

Una njia tatu za kweli. Ya kwanza ni kumpeleka mtu wa Kigoma baharini: baharia kijana anayefanya kazi kwenye meli ya mizigo, meli inatekwa Ghuba ya Aden, na marubani wa wanamaji wa nchi kubwa wanakuja. Ya pili ni kuileta hadithi ziwani wakati huu wa sasa. Hapo ujue kwamba kwetu ndege za kijeshi ziko chini ya Kamandi ya Jeshi la Anga, si ya Wanamaji. Kwa hiyo rubani wako wa ziwani ni mtu wa anga anayewabeba askari wanamaji mgongoni, na mvutano wa nani anaamuru nini umeupata bure. Ya tatu ni kurudi mwaka 1916.

Hii ya tatu inasahauliwa, nami naipenda kuliko zote. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walilitawala ziwa kwa meli zao. Götzen ilifungwa mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyozamishwa delta ya Rufiji Julai 1915. Waingereza walivuta boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kupitia Kongo, zikaiteka meli ndogo Kingani Desemba 26, 1915, na Februari 9, 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Wabelgiji nao walipewa na Waingereza ndege nne za Short zenye maboya chini badala ya magurudumu. Waliziweka karibu na Mtoa, upande wa Kongo, kwenye ziwa dogo la Tungwe, kwa sababu mawimbi ya ziwa kubwa yangevunja maboya. Juni 1916 zikaja kupiga mabomu bandari ya Kigoma.

Fikiria rubani yule. Ndege ya mbao na turubai, watu wawili ndani, rubani na mtazamaji. Ziwa liko zaidi ya mita 760 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na ya moto, injini inapoteza nguvu. Maji yakitulia kabisa, maboya yanang'ang'ania uso wa ziwa na ndege haibanduki. Rubani anaomba viwimbi vidogo vya kumsaidia kunyanyuka. Wakati wa kutua, maji yaliyotulia yanamdanganya tena, kwa sababu hawezi kupima kwa macho amebakiza mita ngapi. Mmoja wa marubani hao, Aimé Behaeghe, alifia Niemba, Kongo, Desemba mwaka huo huo. Na Götzen, meli waliyoitafuta? Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, baada ya kuzipaka injini grisi nyingi ili siku moja zije zifae. Zikafaa. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Adui anayepaka grisi injini ya meli anayoizamisha ni mhusika aliyekamilika, na wewe hukulazimika kumbuni.

Kwa mwongozo huu nitafuata njia ya pili, ziwa la leo. Hesabu zake zinafaa kwa zote tatu.

Soma tukio la kweli hadi ujue lilipokwamia

Kabla ya kubuni, chukua tukio moja na ulifuatilie saa kwa saa. Nakupendekezea Achille Lauro. Oktoba 7, 1985 Wapalestina wanne wenye silaha waliiteka meli hiyo ya Kiitaliano ya watalii nje ya pwani ya Misri, wakamuua abiria Mmarekani, Leon Klinghoffer, mzee aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu. Watekaji walijisalimisha Misri, wakapandishwa ndege ya abiria ili waondoke. Usiku wa Oktoba 10, ndege za F-14 kutoka manowari Saratoga ziliikuta ndege hiyo juu ya Mediterania gizani na kuilazimisha itue Sigonella, Sicily. Haikufyatuliwa hata risasi moja. Ilipotua, askari wa Marekani waliizunguka, na askari wa Italia wakawazunguka wao, kila upande ukidai watekaji ni wake. Watekaji wakabaki mikononi mwa Italia.

Ona hadithi ilipo. Kuitafuta ndege moja kati ya nyingi angani usiku ni kazi ngumu, na marubani waliifanya. Kilichowakwamisha wakubwa wao ni swali la watekaji ni wangu au wako, ardhi yangu au yako. Mwandishi mchanga angeishia pale ndege inapotua. Mwandishi aliyekomaa anaanzia pale.

Tukio la pili la kusoma ni la karibuni. Machi 16, 2024 wanamaji wa India waliikomboa meli ya mizigo MV Ruen iliyokuwa imetekwa na maharamia wa Kisomali. Manowari INS Kolkata iliifuata, ndege ya doria ikawa juu yake, na makomando wakarushwa kwa parachuti kutoka ndege kubwa ya uchukuzi iliyotoka India, mbali kiasi cha kilomita 2,600. Mabaharia 17 walitoka salama na maharamia 35 wakajisalimisha. Hapo jiulize swali moja tu: wale mabaharia 17 walikuwa wamekaa chumba gani walipousikia mlio wa ndege?

Mafuta na masafa: andika hesabu kabla ya sura

Chukua daftari. Andika umbali huu: Kigoma hadi Kalemie, kule Kongo, kama kilomita 125 kwa mstari ulionyooka. Kigoma hadi Bujumbura, kama 170. Upana wa ziwa kwa wastani, kilomita 50. Helikopta ya kijeshi ya ukubwa wa kati hukata kilomita 250 hivi kwa saa na hukaa angani saa mbili hadi tatu. Boti la mbao lenye injini ya kupachika, mpe kilomita 20 kwa saa kwa kuanzia.

Sasa watekaji wanaondoka Kigoma saa saba usiku na mateka. Wakinyoosha moja kwa moja kwenda ng'ambo, saa tisa na nusu wamefika. Hiyo ndiyo saa yako kubwa ya riwaya, na kila sura lazima iisogelee.

Halafu kuna duara la msako. Boti likiwa limetangulia kwa saa moja, linaweza kuwa popote ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 20, yaani kilomita za mraba zaidi ya 1,250. Likitangulia kwa saa mbili, duara linafika 5,000. Muda umeongezeka mara mbili, eneo limeongezeka mara nne. Fukwe za pande mbili zitalikata duara hilo, lakini kaskazini na kusini ziwa limeachia. Kamanda anayejua hili atapiga kelele kwenye simu kwa dakika tano tu zilizopotea, na msomaji atamwelewa ukiwa umemwonyesha duara.

Upeo wa macho nao una hesabu. Mtu aliyeketi kwenye mtumbwi, macho yake yakiwa mita moja juu ya maji, mwisho wa upeo wake ni karibu kilomita 3.6. Rubani aliye mita 300 juu, upeo wake ni kilomita 62. Maana yake mchana usio na ukungu anaona fukwe zote mbili, na mtu wa mtumbwini hajui hilo.

Marubani wa Marekani wana neno bingo kwa kiwango cha mafuta kinacholazimisha kurudi. Liweke mdomoni mwa mtu wako mapema, sura ya kwanza ikibidi, katika zoezi la kawaida, ili litakaporudi katika hatari lisihitaji maelezo. Angalia hesabu inavyofanya kazi ndani ya mazungumzo:

"Mafuta?"

"Dakika kumi na nane, afande. Kurudi tunahitaji kumi na nne."

Chini yao taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimetapakaa hadi macho yalipokoma. Moja ikazimika.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Giza hili, dagaa wamejaa chini ya taa. Mvuvi gani anazima?"

Msaidizi hakujibu. Aliangalia geji. "Kumi na saba, afande."

Hakuna aliyeshika silaha hapo. Msomaji anajua wana dakika tatu, na kwamba taa iliyozimika inaweza kuwa ya mvuvi aliyeishiwa betri.

Saa na mwanga

Hapa ndipo mtu wa Kigoma anapomzidi mwandishi yeyote wa ng'ambo, kwa hiyo tulia nami.

Tanzania iko saa moja mbele ya majirani zake wote watatu wa ziwani. Kigoma ikiwa saa kumi alfajiri, Kalemie, Bujumbura na Mpulungu ya Zambia ni saa tisa. Operesheni ya pamoja kati ya Tanzania na Kongo ikipangwa kwa simu, na mtu mmoja akasema "saa tisa kamili" bila kutaja saa ya wapi, boti za upande mmoja zitafika saa nzima kabla ya wenzao. Ndiyo maana majeshi hutumia saa moja ya pamoja ya dunia kwenye amri zao. Mfanye mtu mmoja aisahau, na sura nzima itajiandika.

Kisha jua. Kigoma iko mbali magharibi, kwa hiyo jua letu huzama kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam. Mkubwa aliye makao makuu Dar anaona giza limeshaingia dirishani kwake. Rubani wa Kigoma bado ana mwanga. Na likiisha kuzama, hapa karibu na ikweta utusitusi haudumu, dakika 20 na kidogo na ni giza.

Sasa mwezi. Wavuvi wetu huvua dagaa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali hupumzika siku kadhaa wakashona nyavu. Kwa hiyo tarehe unayoichagua inaamua sura ya ziwa. Usiku wa giza, ukitazama kutoka Bangwe, maji yamewaka kama mji. Watekaji wanaweza kujificha katikati ya taa hizo kwa kuwasha yao, wakawa boti moja kati ya mamia. Rubani mwenye miwani ya kuonea usiku anapata shida, kwa sababu taa kali huimeza picha yote iliyo kandokando yake. Kamera ya joto inamsaidia: boti la mvuvi limetulia na injini imepoa, la mtekaji injini yake bado ni ya moto. Usiku wa mwezi mpevu ziwa ni tupu na jeupe, boti lolote linalotembea linaonekana, lakini na helikopta inaonekana pia. Fungua kalenda ya mwezi, chagua tarehe moja, usiihame.

Na upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi huvuma na kuinua mawimbi. Masika huleta radi ambazo rubani hazipitii. Andika mwezi gani, kisha ukubali masharti yake.

Jambo moja la karibu ambalo sijalisoma katika hadithi hata moja ya hapa: upepo wa helikopta yenyewe. Ikishuka chini sana juu ya mitumbwi, upepo wa mapanga yake unapiga maji, unatupa maturubai, unapindua chombo chenye watu. Rubani anayetaka kukagua boti linaloshukiwa akiwa katikati ya wavuvi hamsini atawazamisha anaokuja kuwaokoa. Itambidi akae juu, mbali, asione vizuri. Uamuzi huo una uzito kuliko kurasa kumi za milipuko.

Mpaka uliopo majini

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaruhusu nchi yoyote kumkamata haramia kwenye bahari kuu, na pia unasema uharamia ni kwa faida ya mtu binafsi. Gaidi wa siasa haingii humo kirahisi, ndiyo sababu baada ya Achille Lauro ukaja mkataba mwingine mwaka 1988. Ziwa Tanganyika si bahari kuu. Kila tone lina mwenyewe. Watekaji wakivuka mstari wa katikati, rubani wako anayewafuata anaingia nchi ya watu na silaha, bila kibali. Mstari hauonekani kwa macho. Unaonekana kwenye skrini tu. Mpe mtu wa kumpigia redio na kumwambia "geuza", na mpe sababu ya kuchelewa kusikia. Kwa upande wa nyumbani, soma Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 ujue mtuhumiwa wako atashtakiwa kwa lipi.

Magaidi wako ni akina nani

Nakuomba kwa moyo wote: usiwafanye wakimbizi kuwa magaidi kwa kuwa tu ndio wa karibu. Kambi ya Nyarugusu imekuwapo tangu 1996. Watoto wamezaliwa humo, wamesoma humo, na baadhi yao watasoma hadithi yako. Watu wa pande zote za ziwa wanaoana, wanauziana mawese na migebuka, wanazikana. Gaidi anayeitwa Mkongo na kuachwa hivyo hivyo hana sura, na adui asiye na sura hatishi.

Mpe kila mtekaji jambo analolitaka, jambo analoliogopa na ujuzi mmoja. Kiongozi anataka nini hasa: fedha, mfungwa aachiwe, habari zitangazwe? Mmoja wao na awe aliwahi kuwa mvuvi, anayelijua ziwa kuliko rubani. Oktoba 12, 2000, kule Aden, manowari USS Cole ililipuliwa na boti dogo lililosogea ubavuni wakati meli inatiwa mafuta, wanamaji 17 wakafa. Lilikuwa boti dogo tu, katika bandari iliyojaa shughuli. Adui wako awe na akili ya namna hiyo.

Mateka nao wasiwe mzigo. Baharia 25 wa meli Galaxy Leader, iliyotekwa na wapiganaji wa Houthi wa Yemen walioshuka kwa helikopta Novemba 19, 2023, waliachiwa Januari 2025. Zaidi ya mwaka. Ndani ya muda huo kuna anayeugua, anayegombea godoro, anayejifunza maneno ya mlinzi wake. Kwenye boti lako la usiku mmoja, mama anayenyonyesha ana maamuzi ya kufanya kuliko mdunguaji.

Vyeo, redio, silaha

Hapa pita haraka. Vyeo: kapteni wa nchi kavu ni ofisa wa ngazi ya chini, lakini kapteni wa wanamaji wa Marekani ni sawa na kanali. Ukichanganya, askari wastaafu watakucheka. Redio: sentensi fupi, jina la mwito kwanza, hakuna hotuba. Silaha: taja moja au mbili unazozijua, usijaze orodha.

Ukichagua njia ya baharini, jifunze kutua kwenye manowari. Ndege ina ndoana mkiani, sitahani kuna kebo tatu au nne, na rubani akigusa sitaha anasukuma injini hadi nguvu zote badala ya kupunguza, kwa sababu ndoana ikikosa kebo inabidi aruke tena. Mtu anayetua huku akikanyaga mafuta: hilo moja linatosha kwa ukurasa mzima.

Kupanga sura na kuhakiki

Anza na jedwali la saa, siyo muhtasari wa matukio. Safu ya kwanza saa ya Kigoma, ya pili saa ya Kalemie, ya tatu boti liko wapi, ya nne mafuta ya rubani, ya tano nani anajua nini. Kila sura ichukue mstari mmoja au miwili. Sehemu ya WhatsApp ikatike pale safu ya nne au ya tano inapobadilika, kwa mfano pale makao makuu yanapojua boti lilipo ilhali redio ya rubani imekatika.

Usipige picha kambi ya jeshi wala boti za doria, na usiandike ratiba halisi ya walinzi hata ukiijua. Buni kikosi, buni gati. Askari mstaafu atakueleza mengi ukimwendea kwa adabu, "Shikamoo mzee, naandika hadithi," bila kumchimba siri.

Mwisho nenda mwalo wa Kibirizi au Katonga asubuhi, mitumbwi ikirudi. Mtafute nahodha mtu mzima, msalimie, msubiri amalize kuhesabu mzigo wake, kisha msomee sura ya msako kwa sauti. Usimuulize kama ni nzuri. Muulize boti lingefika wapi. Akikwambia boti lenye abiria thelathini na magunia haliwezi kwenda kilomita 20 kwa saa dhidi ya kusi, shusha mwendo kwenye jedwali na uhesabu upya saa zote zilizo chini yake, pamoja na mafuta ya rubani, kwa sababu boti lililochelewa kufika ng'ambo litakutwa na mapambazuko katikati ya maji.